Kofia Nyekundu na Bimkubwa Wawili

Jumatatu, 4 Novemba

Mzee Vrba ametangaza leo kwamba macho yake yamechoka na kofia hataivaa tena. Alisema kwa sauti ya kawaida, amevaa ndara zake za klabuni, huku anakoroga chai. Mimi nusura nimeze kijiko. Miaka kumi na tisa amekuwa stesheni masta wa Klabu ya Reli Ndogo ya Lipovka. Kwenye maonyesho ya kila Novemba ndiye husimama katikati ya meza na kofia nyekundu kichwani, na hakuna treni inayoondoka, hata iwe na urefu wa kalamu, mpaka ainue mkono. Jumamosi ya tarehe 16 kofia itakuwa juu ya kichwa kingine. Jina atalitaja Alhamisi ya wiki ijayo.

Wanaofaa ni wawili, mimi na Radovan Šimek. Kwa haki kabisa ni mmoja.

Radovan anauza madirisha ya plastiki na anaongea na kila mtu kama vile nyumba ya huyo mtu inapitisha baridi. Leo ameandika kwenye grupu la simu kwamba kuna mtu fulani anafuta reli kwa kitambaa kibichi na analeta kutu. Zamu ya usafi ilikuwa yangu. Kila mtu anajua huyo mtu fulani ni nani. Namshukuru Květa, katibu wetu, aliyeingilia kulalamika kwamba paka wake amelala tena ndani ya handaki na ametoka na mlingoti wa ishara ya treni mkiani. Kisha ikaja habari mbaya: duka la vipuri la mji wa jirani linafungwa Krismasi, lile la mwisho ambapo mtu angeweza kununua skrubu moja. Grupu zima lilituma alama za mishumaa. Halafu tukarudi kwenye paka.

Nina mpango. Mzee Vrba anapenda vitu viwili duniani na vyote vinaitwa Bimkubwa. Wa kwanza ni mama yake mzazi, miaka tisini, mtu pekee anayeruhusiwa kuingia klabuni na viatu vya nje. Wa pili ni injini ya mvuke ya bati aliyoitengeneza marehemu baba yake kwa majira mawili ya baridi. Aina hiyo ya injini nchi nzima huiita Bimkubwa kwa maringo yake. Siku hizi injini inakwama kwenye kona. Mimi nilikuwa fundi wa meno bandia miaka thelathini na minne. Vidole hivi vimeshika vitu vidogo kuliko hivyo. Nitaitengeneza kimyakimya, Jumamosi itateleza kama siagi, Mzee Vrba atauliza ni nani, na mimi nitatazama chini kwa unyenyekevu.

Leo ufunguo ninao kwa ajili ya usafi. Nimemchukua Bimkubwa ndani ya mfuko wa mkate. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 5 Novemba

Msiba.

Nilianza vizuri. Saa tatu asubuhi nilimlaza ubavu kwenye meza yangu ya kazi, nikamfungua kwa kidude cha kuchongea meno, nikamtia mafuta ya cherehani. Nikamtia tena kidogo. Mke wangu Drahomíra yuko Olomouc kwa binti yetu hadi Jumapili, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniambia yanatosha.

Nilipomwasha hakutembea. Alitetemeka tu. Klabuni mota tunaiita moyo, na moyo wake ulikuwa unagonga lakini miguu haiendi. Nikajiambia amezoea uvivu, anahitaji kusukumwa. Nikaacha transfoma ndogo, nikamwunganisha na ile ya mashine yangu ya kung'arishia meno, volti mara mbili.

Moshi ukatoka kwenye bomba. Nakiri kwamba kwa sekunde mbili nilifurahi, maana ulitoka mahali panapostahili. Kisha ukatoka pia kwenye madirisha, na chini, na harufu ikajaa nyumba nzima.

Nimetoa waya zilizoungua na kuziweka kwenye kikopo cha meno. Saa nane nilirudi klabuni, nikamwambia Květa nimesahau miwani. Aliniambia miwani ninayo usoni. Nikasema ni ile nyingine. Alipogeuka kumfukuza paka, nilimrudisha Bimkubwa kwenye sanduku lake la mbao na kumfunika shuka lake la flaneli mpaka kwenye bomba.

Kila simu ikilia naruka.

Jumatano, 6 Novemba

Saa mbili na nusu asubuhi. Mzee Vrba kwenye grupu. Nanakili neno kwa neno:

“Ndugu zangu, Bimkubwa hatunaye tena. Leo asubuhi nimemkuta amelala kimya mahali pake. Moyo umesimama. Nitawajulisha habari za mazishi. Vrba.”

Kwa hiyo amefungua sanduku. Siku moja tu! Nilitegemea angalau wiki.

Nimekaa kwenye ukingo wa bafu kwa muda mrefu. Hajasema moyo umeungua, amesema umesimama. Huenda hajamfungua ndani. Huenda anadhani ni uzee. Lakini akimfungua ataona mikwaruzo kwenye skrubu, na mjini kwetu kidude kinachoacha mikwaruzo ya namna hiyo kinamilikiwa na mtu mmoja.

Nimeandika kwenye grupu kwamba nina mafua makali na sitatoka nje wiki hii. Květa amenijibu kwamba wakati mwingine mwili hulia kabla ya macho. Sikuelewa.

Alhamisi, 7 Novemba

Sijatoka. Nimekula mkate na matango ya siki. Kila nikisikia hatua kwenye ngazi nazima redio.

Rambirambi zinamiminika kwenye grupu na mimi nazisoma moja moja nikitafuta jina langu. Květa ameandika kwamba amelia dukani mbele ya mizani ya viazi. Radovan, bila aibu, ameandika kwamba hakuna kama Bimkubwa, kwamba alimlea, kwamba alimfundisha uvumilivu. Uvumilivu, kutoka kwa injini! Huyu mtu angejipendekeza hata kwa gurudumu la behewa. Anataka kofia na kila mtu anaona.

Mazishi ni Jumanne saa tano, kanisa la makaburini. Hilo limenishtua. Mwaka juzi injini ya dizeli ya Květa ilipoungua tuliizika ndani ya kopo la biskuti chini ya kilima cha plasta, na hotuba, na bia, tukacheka sana. Lakini kanisa? Na padri? Nilijua Mzee Vrba anampenda, sikujua ni kiasi hicho. Na kadiri mazishi yanavyokuwa makubwa ndivyo kosa langu linavyonenepa.

Nikaona ni hatari kukaa kimya wakati Radovan anaandika mashairi. Nikaandika hivi: “Mzee wetu, pole sana. Tusilie kupita kiasi. Tukubali kwamba alikuwa amechakaa, alikuwa anakwama kwenye kila kona na kupiga kelele. Kabla hajafukiwa, vipuri vilivyo vizima vitolewe, viwasaidie wengine.”

Nilidhani ni maneno ya busara. Kisha Květa akaniuliza, faraghani, nina homa ya nyuzi ngapi.

Nikamwambia thelathini na tisa. Akasema alijua tu, na kwamba atawaeleza wengine.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimelala vibaya. Nimeota skrubu.

Nimefikiri hivi. Ikiwa atagundua mwenyewe, mimi ni mharibifu na mwoga. Nikisema mwenyewe, mimi ni mharibifu lakini mkweli, na mtu mkweli bado anaweza kupewa kofia. Zaidi ya hayo, Mzee Vrba ndiye aliyenifundisha kuunga reli nilipostaafu na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Alikuja kila Jumanne kwa miezi minne. Sitaki kumtazama usoni miaka yote iliyobaki nikijua ninachojua. Hili la pili nimelifikiria baada ya lile la kwanza, lakini ndilo linaloniuma.

Kwenye simu siwezi. Nimeandika barua kwa mkono. Nakala:

“Mzee wangu Vrba, siwezi kukaa kimya. Bimkubwa hakufa kwa uzee. Ni mimi. Jumatatu nilimchukua bila ruhusa na kumleta kwangu ndani ya mfuko wa mkate. Nilimfungua, nikamtia mafuta ya cherehani, na alipokataa kutembea nikamwunganisha na umeme mkubwa. Alitoa moshi. Jumanne nilimrudisha mahali pake, nikamfunika shuka, nikaondoka kama vile hakuna kitu. Nia yangu ilikuwa njema: nilitaka kofia. Sehemu zake za ndani bado ninazo, ziko kwenye kikopo cha meno. Ukizihitaji kwa mazishi nitaleta. Nisamehe. Ctibor Kalous.”

Nimeisoma mara tatu. Ni fupi, ya kiume, haifichi kitu. Saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajaamka, nilivaa kofia ya sufu mpaka machoni na kuitumbukiza kwenye sanduku lake la barua. Nilirudi kwa njia ya nyuma. Nimepata nafuu kubwa. Nimekula mayai manne.

Jumamosi, 9 Novemba

Saa nne kengele ililia. Nikachungulia kwenye tundu la mlango. Mwanamke wa miaka sabini hivi, koti jeusi, kofia nyeusi, mwavuli mweusi. Akasema kupitia mlangoni kwamba yeye ni Jarmila, dada yake Mzee Vrba, amekuja kutoka Brno, na anaomba kuongea na Bwana Kalous.

Nikafungua. Nikampa ndara. Hakuzivaa. Akatoa barua yangu kwenye mkoba na kuuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniambia kwamba yeye ndiye anayefungua barua zote kwa sababu kaka yake hawezi, na kwamba hii ameisoma mara ya kwanza akiwa amesimama na mara ya pili akiwa amekaa chini jikoni.

Nikamwambia nasikitika mno. Akaniuliza, taratibu kabisa, nilimwingizaje kwenye mfuko wa mkate.

Nikasema haikuwa kazi. Nilimlaza ubavu, na mfuko ulikuwa wa ule mkate mrefu.

Akashika ukuta. Akaniuliza kama alipiga kelele. Nikajibu kweli tupu: alitetemeka tu, ila kusema haki kelele alikuwa anapiga tangu zamani, na kuna waliokuwa wakimlalamikia. Akauliza ni akina nani. Nikamtaja Radovan, maana sikuona sababu ya kubeba mzigo peke yangu.

Mwavuli ulipanda. Nikarudi nyuma mpaka kwenye rafu ya viatu. Nikasema kwa haraka kwamba vya ndani ninavyo, nikakimbilia kikopo, nikakifungua mbele ya pua yake.

Akatazama. Akatazama tena, safari hii na miwani. Akauliza hivi ni nini. Nikasema ni waya za mota. Mota ya nani? Ya Bimkubwa, mama. Ya injini.

Akakaa kwenye kigoda cha kuvulia viatu. Akauliza kama tangu Jumatano nimepita mbele ya duka la mikate, pale penye ubao wa matangazo. Nikasema sijatoka, nina mafua, isipokuwa jana alfajiri, na kulikuwa na giza. Akafungua mkoba, akanipa tangazo la msiba lenye ukingo mweusi.

Božena Vrbová. Mtunza mageti ya kivuko cha reli. Mama, bibi wa wajukuu na vitukuu. Amelala salama usiku wa kuamkia Jumatano, akiwa na miaka tisini.

Niliisoma mpaka mwisho, halafu kutoka mwanzo. Masikio yalipata moto. Nikakumbuka “amechakaa”. Nikakumbuka “vipuri”. Nikakumbuka kwamba niliomba vitolewe kabla hajafukiwa. Nikakaa sakafuni kati ya viatu, na sijui niliona haya au huzuni zaidi, maana mama yake Mzee Vrba kila aliponikuta alinibana shavu na kuniuliza lini nitaanza kula. Mimi nilikuwa nimemlilia injini siku nne.

Mabega ya Jarmila yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia, nikaanza kuomba radhi upya. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka kwa namna ambayo sijawahi kuona, bila sauti, mkono mdomoni. Alisema tu “ubavu”, kisha “mkate mrefu”, halafu akaanza tena. Mwishowe akalia kweli. Nikamletea chai yenye ramu. Alikula vipande vitatu vya mkate wangu na matango na akaniambia kwamba kaka yake hajala wala kusema maneno kumi tangu Jumatano. Anakaa tu dirishani. Akaniomba ruhusa ya kumsomea barua.

Nikamwomba asifanye hivyo. Nilimwomba kwa mikono miwili. Akasema haya, asante, akaiweka barua kwenye mkoba na kuondoka.

Jumapili, 10 Novemba

Drahomíra amerudi. Nimemweleza yote. Alinisikiliza amevaa koti lake mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama kuna mji wowote ambao ningependa kuhamia.

Hakuna habari kutoka kwa Mzee Vrba. Nimeangalia simu mara hamsini na moja. Kofia sahau. Mimi sasa naomba tu nisifukuzwe. Jumanne jioni bila klabu nitakaa wapi? Drahomíra hanitaki sebuleni na transfoma.

Jumanne, 12 Novemba

Mazishi. Nilitaka kubaki nyumbani na mafua. Drahomíra alinifunga tai mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nilisimama nyuma ya nguzo. Radovan alikuwa mbele kabisa na shada kubwa kuliko la familia. Alilia, na naandika hapa bila kupenda kwamba alilia kweli. Kumbe alikulia nyumba ya pili kutoka kivukoni, na mama yake alipokuwa kazini, Bimkubwa ndiye aliyemlisha. Hakuwahi kutuambia. Nimemchukia kwa hilo pia.

Baadaye tulikwenda baa ya Kwa Kulungu, supu na bia na keki za jibini. Nilikuwa nimepanga kutoroka baada ya supu. Mzee Vrba akaja na kukaa mbele yangu. Amepungua, shingo inacheza ndani ya kola. Vijiko vyote kwenye meza yetu vilisimama. Květa akajifanya anatafuta chumvi.

Mzee Vrba aliweka glasi yake ya bia pembeni. Kisha akaniambia kwamba Jarmila alimsomea. Kwamba alicheka mpaka akakohoa, akaona vibaya kucheka wakati mama yuko kwenye jeneza, akacheka tena, halafu akaomba supu. Nikaanza kusema kuhusu moyo, kuhusu volti, kuhusu mafuta. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

“Ctibor, sikiliza mwanangu,” alisema. “Yule wa bati ameshakufa mara nne. Baba alimuunguza mwenyewe, na kila mara alimtafutia moyo mwingine. Huyu wangu amekufa mara moja tu.”

Hapo nililia. Haikuwa kwenye mpango wowote. Naandika hivyo kwa sababu Drahomíra alinikagua kwa jicho la pembeni, halafu akanipa leso yake.

Nikamwambia Mzee Vrba nitamfufua kabla ya Jumamosi. Akasema asingependa nimguse tena kamwe. Kisha akafikiri, akasema sawa, lakini nyumbani kwake, mezani kwake, na yeye amekaa hapohapo.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku mbili mezani kwa Mzee Vrba. Nilitoa mota nzima kutoka kwenye injini yangu mwenyewe iliyo bora, ile ya kijani, nikamwekea Bimkubwa. Kila nilipogusa chupa ya mafuta alikohoa. Tuliongea kidogo. Aliniambia mama yake alitunza kivuko miaka ishirini na sita, akipandisha na kushusha mageti kwa mkono, mvua na theluji, na kwamba hata alipostaafu akisikia filimbi alikuwa anaacha kijiko na kusimama. Bimkubwa alitembea saa kumi alasiri, akazunguka sahani tatu na kopo la sukari bila kukwama. Mzee Vrba alimfuata kwa kidole mezani. Alivua miwani akaifuta.

Nikaona: huyu ni mtu aliyekwisha kuamua kuhusu kofia. Nilikwenda klabuni nimenyoa.

Kofia amepewa Radovan.

Mimi nimepewa mageti. Mzee Vrba alikuwa ameunda tangu kiangazi kipande kipya cha meza, kibanda cha mama yake kama kilivyokuwa, na maua mekundu dirishani yenye ukubwa wa punje ya chumvi, na mageti mawili yanayoshushwa kwa mpini. Alisema mbele ya wote kwamba pale anataka mtu ambaye akikosea atasema. Sauti yake ilikatika kidogo. Květa aliniambia baadaye kwamba hiyo ni heshima kubwa kuliko kofia. Nimeifikiria heshima hiyo njia nzima. Iko mwisho wa meza, karibu na mlango wa choo.

Radovan alinishika bega. “Kaka, usijali, hata geti ni cheo,” alisema. Kofia alishaivaa. Inamkaa vizuri na nimeliona hilo wazi.

Jumamosi, 16 Novemba

Watu mia tatu ukumbini, wote na ndara au mifuko ya plastiki miguuni. Itakuwaje geti likikwama? Itakuwaje moyo ukiungua tena mbele ya Jarmila? Nilinusa injini mara sita.

Saa nne kamili Bimkubwa alitoka stesheni wa kwanza kabisa, Mzee Vrba mwenyewe kwenye mpini wa mwendo. Nilishusha mageti mapema mno, bora mapema. Akaja polepole, kona ya kwanza, kona ya pili, hakukwama. Alipofika kwenye kibanda Mzee Vrba alisimama wima. Jarmila akasimama. Radovan akavua kofia. Ukumbi mzima ulisimama mpaka behewa la mwisho lilipopita, nami nikapandisha mageti, na sikuweza kuona vizuri nilichokuwa nafanya.

Baada ya hapo ilikuwa siku ya kawaida. Treni ya mwendokasi ya Radovan niliizuia dakika nne kivukoni. Nilimwambia kuna ng'ombe barabarani. Akasema haoni ng'ombe. Nikamwambia ndiyo maana kuna mtunza kivuko.

Mwishoni Mzee Vrba alinipa mkono na kusema mama yake angeridhika. Nimeahidi mbele ya Drahomíra, kwa hiari yangu, kwamba sitagusa tena kitu cha mtu bila kuuliza. Alisema ataamini akiona. Leo nitalala kama mtoto.

Jumapili, 17 Novemba

Sikukuu ya taifa. Tulikwenda klabuni kufungasha meza. Niliona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona: kofia nyekundu ina doa la jasho, upande wa ndani, kubwa kama kiganja. Jasho la miaka kumi na tisa la Mzee Vrba na la jana la Radovan. Radovan ameitundika kwenye msumari na kwenda kunywa bia. Hivyo ndivyo anavyoitunza.

Hapa nikawaza bila haraka. Mtu akiirudisha kofia ikiwa safi, inanukia sabuni, Mzee Vrba atauliza ni nani anayejali mali ya klabu. Radovan mwenyewe ataona aibu. Inawezekana hata akaiachia. Kuhusu kuuliza: niliahidi kutogusa kitu cha mtu, na kofia si ya mtu, ni ya klabu. Nimeileta ndani ya kasha la mabehewa. Hakuna aliyeona.

Drahomíra yuko kwa jirani. Nimeiweka kwenye mashine saa saba mchana. Maji ya vuguvugu hayatoi jasho la miaka kumi na tisa, kwa hiyo nimeweka nyuzi tisini.

Saa tisa. Imetoka. Kumbe ni sufu. Kumbe pia ule ukingo wa mbele ulikuwa wa kadibodi, na kadibodi sasa imetapakaa kwenye soksi zote za Drahomíra. Rangi ni nzuri, imekolea. Kofia yenyewe nimeijaribu: imesinyaa, inatosha juu ya ngumi tu.

Nimetulia. Kesho zamu ya usafi ni yangu na ufunguo ninao. Nitaitundika kwenye msumari wake. Na Radovan akisema inambana, nitamuuliza kwa upole, mbele ya wote, ni lini kichwa chake kimeanza kuvimba.